Nilimjibu Kuwa Mama Hajambo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika katika kituo cha afya huko Chaani nikiwa na sare iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe, na saa ya muuguzi nimeibandika kifuani kichwa chini, kama tulivyofundishwa, ili niisome huku mkono umeshika mshipa wa mgonjwa. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, hakuitazama sare wala saa. Alinitazama nikimwita mgonjwa wa kwanza kwa jina la karatasini, nikamtia kipimajoto kinywani kabla sijamwambia neno. Akaniita pembeni.

"Mwanaisha, wewe umelelewa wapi?"

"Likoni, Metroni. Shika Adabu."

"Basi adabu yenyewe umeiacha ng'ambo ya feri. Mgonjwa haguswi kabla ya kuamkiwa. Muamkie, kisha nyamaza umsikilize anavyojibu. Pumzi ikiwa fupi, andika. Ulimi ukiwa mzito, andika. Salamu ndiyo kipimo cha kwanza, na hicho hakiishi stoo."

Maneno hayo nimeyafuata miaka thelathini na zaidi, na wauguzi wote waliopita mikononi mwangu nimewafundisha hivyo hivyo. Siyakanushi hata leo. Lakini kuna wakati kipimo hicho kilinidanganya, au tuseme ukweli, nilikiacha kinidanganye, na mtu mmoja nusura apotelee ndani ya kichwa chake mwenyewe nikimtazama. Nyinyi vijana mnaovaa sare sasa, hiki ndicho nilichotaka kuwaandikia. Mengine ya kazi mtayapata vitabuni.

Miaka yangu ya mwanzo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwako kwetu. Tulikuwa na vidonge vya homa, maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha, na maneno mazuri. Wagonjwa wa Ukimwi walikuja wamekwisha, na kwa baadhi yao akili ilikuwa imetangulia mwili. Namkumbuka kijana mmoja kutoka bara, mchomeleaji vyuma katika kiwanda cha hapo Changamwe. Nilimwambia afunge kifungo cha shati. Alikishika kile kifungo, akakitazama, na nilipomaliza kuwapa dawa wagonjwa wote wa chumba kile alikuwa bado amekishika. Alikijua ni kifungo. Alijua shati ni lake. Njia ya kutoka kwenye kujua kwenda kwenye kutenda ndiyo iliyokuwa imefungwa. Dada yake alisema ametupiwa uchawi na mtu wa kazini.

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa afisa wa kliniki, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na alituketisha wauguzi watatu akatueleza. "Virusi hivi havikai kwenye damu tu," alisema. "Huingia ubongoni mapema, vimebebwa na chembe zilezile zinazopaswa kutulinda, na humo huwasha moto mdogo mdogo. Msitarajie mgonjwa apagawe. Atapungua kasi. Atasahau alilotumwa, atapoteza mfuatano wa mambo, miguu itakuwa mizito. Mkiona mtu mwerevu amekuwa mzito, msimwite mvivu." Tukaitikia kwa vichwa. Yule mchomeleaji hakufika mwezi.

Kisha nikahamishiwa Kisauni, na nikiwa huko dawa zikaja. Sijui nitawaelezaje mliozaliwa zikiwapo. Mama mmoja muuza vitunguu wa Kongowea aliletwa kwetu juu ya mkokoteni, amefunikwa leso, wachukuzi wakimsukuma kimyakimya kama wanaopeleka jeneza. Baada ya miezi michache nilipita sokoni nikamkuta anawafokea wachukuzi walewale kwa kumwangushia gunia. Nilisimama pale katikati ya malori nikalia kwa furaha, na yeye akaniuliza kama nimeibiwa.

Akili nazo zilirudi. Wale wa kushika kifungo tukawa hatuwaoni tena, au tuseme ni wachache mno, na sote tukadhani mlango huo umefungwa. Hatukujua kwamba umebaki wazi upenyo. Mtu anaweza kuishi na virusi miaka mingi, anatembea, ananawiri, na bado ubongo wake ukawa umeguswa kidogo: anasahau tarehe ya kliniki, anachelewa kujibu, hawezi kufanya mambo mawili kwa pamoja. Na akianza kusahau, la kwanza kusahauliwa ni dawa zenyewe. Dawa zikirukwa, virusi vinaongezeka, na vikiongezeka usahaulifu unazidi. Sisi hapo kliniki tulikuwa na neno moja tu la kumwita mtu huyo: mtoro. Tuliliandika kwenye faili kwa wino mwekundu na tukamgombeza mbele ya watu. Niligombeza wengi, Mungu anisamehe.

Nilimalizia kazi Likoni, karibu na nyumbani, na huko ndiko nilikomkuta Mzee Athmani. Jina si lake, ila haya mengine ni yake, na ameniruhusu kuyasimulia. Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, ukiona sufuria tatu kubwa zimepangwa uani na mtu mmoja anatembea katikati yake bila haraka, ndiye yeye. Hakuwa na daftari. Pishi za mchele, nyama, vitunguu, moto wa chini na makaa ya kupalia juu ya kifuniko, vyote vilikaa kichwani, na watu walisema wali wake haujawahi kushika chini. Alikuwa ametumia dawa miaka mingi pasipo tatizo, na hakuna aliyejua ila mkewe, Bi Mwanatumu, na sisi.

Na alikuwa na salamu, huyo mzee. Akiingia tu, chumba chote kinatulia.

"Salaam aleikum, Sista. Waamkaje?"

"Aleikum salaam, Mzee Athmani. Salama. Nawe waendeleaje?"

"Alhamdulillah, twashukuru Mola. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Bwana hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama? Miguu yamsumbua bado?"

Tukimaliza hapo nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye faili: hali nzuri. Nani atamshuku mtu anayekumbuka miguu ya mama yako?

Mama akafariki. Mzee Athmani ndiye aliyetupikia hitima. Alisimama uani petu tangu alfajiri hadi adhuhuri, na alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia maneno ambayo sitayaandika. Baada ya miezi mitatu akaja kliniki kama kawaida. Watoto hawajambo? Hawajambo. Bwana hajambo? Hajambo.

"Na mama? Miguu yamsumbua bado?"

Nyuma yake palikuwa na foleni, watu wa mtaani kwetu, wazee wenziwe. Kumwambia mtu wa umri ule, mbele za watu, kwamba anamwamkia maiti aliyeipikia hitima yake, ni kumvua nguo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikasema, "Mama hajambo, alhamdulillah," nikampa dawa zake akaenda.

Sikuandika kitu. Nilijiambia ulimi umeteleza, mazoea hayo. Hesabu ya tembe siku ile haikukubaliana na siku alizopaswa kumeza. Zilibaki nyingi mno. Nikajiambia ni safari za harusi. Safari iliyofuata alikuja siku isiyo yake, zamu hii tembe zimepungua kupita kiasi, na akauliza tena juu ya mama. Nikajibu tena. Mara ya tatu ndipo nilipokamatwa.

Msimamizi wetu wakati huo alikuwa daktari kutoka bara, mtu mrefu asiyejua kuzunguka. Wenzangu wengine walimwona mkavu, na hata mimi mwanzoni nilimwona hivyo. Siku hiyo alikuwa akitafuta faili kwenye kabati nyuma yangu. Alingoja Mzee Athmani atoke akakae kwenye benchi.

"Sista, mama yako si tulimzika?"

"Tulimzika, Daktari."

"Hata mimi nilikuja. Na huyu mzee si ndiye alipika?"

"Ndiye."

"Sasa amekuuliza mama yuko aje, na wewe ukasema hajambo." Alikuwa ameshika faili, halifungui. "Ni mara ya kwanza?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Ya tatu," nikasema.

Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. "Sista, hii adabu yenu ya pwani mimi naipenda. Watoto wangu nataka wakuwe nayo. Lakini huyu mtu anapotea, na wewe unamfungulia mlango atoke polepole asijikwae. Mwite arudi."

Tukamwita, tukafunga mlango. Daktari alimpa maneno manne ayashike: kofia, mbuzi, ndizi, kijani. Kisha akamwonyesha mchezo wa mkono mezani, ambao ni kipimo cha kasi na mfuatano: ngumi, kiganja, ubavu wa mkono, ngumi, kiganja, ubavu. Mkono ule niliuona ukikata vitunguu huku mwenyewe akitazama kwingine. Sasa ulipiga ngumi, ukapiga ngumi tena, ukabaki hewani. Mzee Athmani akacheka. "Mchezo wa watoto huu, Daktari, mimi mtu mzima." Alipoulizwa yale maneno akayapata mawili. Kisha akajipangusa uso kwa kofia yake, na kwa mara ya kwanza hakusema alhamdulillah.

"Sista," akaniambia mimi, si Daktari, "akili yangu yaenda. Nimeijua siku nyingi. Yarudi hii?"

Nilimtazama Daktari. Daktari akasema, "Sijui bado, Mzee. Tutatafuta."

Bi Mwanatumu alikuja kesho yake, na alipoketi yalimtoka yote, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Tangu mwaka uliopita alikuwa akisimama nyuma ya mumewe kwenye kila shughuli, akimnong'oneza kinachofuata. Kwenye harusi moja ya Mtongwe yeye mke aliitwa kando kidogo, na aliporudi wali ulikuwa umekwisha kupaliwa makaa, na nyama yote iko kwenye karai, imefunikwa kitambaa, haikuguswa. Mke na mume wakasema ni kijicho cha watu. Wakamwendea mganga, akatoa hirizi. Watu wakaanza kuita mpishi mwingine.

"Na dawa je?" nikamuuliza.

"Dawa ni zake mwenyewe, Sista. Zimo mkebeni. Siku nyingine humwona azimeza asubuhi, na baada ya chai azimeza tena. Siku nyingine hazigusi. Nilistahi kumsemesha. Mtu mzima yule."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema. Hapa tulikuwa watatu tuliomfichia: mke, muuguzi, na yeye mwenyewe.

Usahaulifu una mama wengi, na Daktari hakukubali kukurupuka. Alipima sukari na presha, alipima kaswende, aliuliza juu ya huzuni na usingizi, akampeleka hospitali kubwa kisiwani wampige picha ya kichwa na wamtoe maji ya uti wa mgongo, ili kuhakikisha hakuna kifua kikuu wala maambukizi ya kuvu ubongoni. Vyote vikarudi safi. Kilichopatikana ni wingi wa virusi kwenye damu. Vilikuwa vimepanda sana. Daktari akafurahi, na mimi nikadhani uchovu umemchanganya.

"Huoni, Sista? Ingekuwa ni uzee tu, ningekaa hapa nikubembeleze. Lakini hiki kitu tuko na dawa yake."

Akambadilishia dawa, ikawa tembe moja kwa siku. Bi Mwanatumu akaacha kustahi: tembe na chai, yeye amesimama pale, kisha alama ya mkaa ukutani, na alama moja ikiwapo hakuna tembe ya pili. Binti yao, Saumu, akaambiwa ukweli na baba yake mwenyewe. Alilia siku moja, kisha akanunua daftari na kuanza kuyaandika mapishi yote jinsi baba alivyoyasema, pishi kwa pishi, maana hatukuwa na uhakika yatabaki kwake muda gani.

Miezi ilikuwa mirefu. Siwadanganyi kwamba alirudi kama taa inavyowashwa. Virusi vilishuka upesi, akili ikafuata kwa kujikongoja. Kila alipokuja tulifunga mlango na nilimwekea mkono mezani: ngumi, kiganja, ubavu. Mwezi wa kwanza hapana. Wa pili hapana. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikihesabu ile miezi niliyosema mama hajambo. Ilikuwa kwenye mwezi wa tano, nakumbuka mvua ilikuwa ikipiga bati hadi hatusikilizani, mkono ukapiga ngumi, kiganja, ubavu, ukarudia, ukarudia. Akanitazama. Nilitoka nje nikamwita Daktari aje aone, na yule mtu mkavu aliketi kwenye kiti cha mgonjwa akaomba aonyeshwe mara nyingine.

Alianza na sufuria moja nyumbani. Kisha akika ya mtoto wa jirani. Kisha watu wakasikia, na harusi zikarudi, moja moja.

Mimi nikastaafu mwaka uliofuata. Waliniandalia chai na maandazi, nikapewa saa ya ukutani, Daktari akahutubia kwa maneno matatu. Sikumdai hata moja zaidi. Nyumbani nimezoea haraka kuliko nilivyoogopa. Wauguzi vijana hunijia, na huwaambia yaleyale: salimieni, na jibu likiwa tamu, msilale. Muulizeni mtu jana alikula nini, alitoka nyumbani kwa njia gani, na muulizeni anayeishi naye. Kabla hamjaandika mtoro, jiulizeni kama kusahau kwenyewe si ndio ugonjwa. Na mkiona jambo, liandikeni, hata likiwatia haya. Wengi wa hao tuliowagombeza leo ni wazee wenye wajukuu, wanameza tembe zao na kukumbuka vizuri kuliko mimi, na hilo huniletea usingizi mzuri.

Lakini palikuwa na deni la maneno. Juzi palikuwa na harusi hapa mtaani, na nilisikia mpishi ni nani. Nilikwenda uani asubuhi, kabla wageni hawajafika. Sufuria tatu, moto unavuma, Saumu na daftari lake mbele, na mzee yuko katikati hana haraka. Alinipa kibao cha mbuzi cha kukunia nazi nikakalia. Nikamwambia yote: kwamba nilijua tangu mara ya kwanza, kwamba nilinyamaza miezi, na kwamba ninaomba radhi.

Alikoroga kwanza akamaliza.

"Sista, nami nilijua kwamba wajua. Unadhani kwa nini nilikuwa nikiamkia kwa kirefu vile? Nilipanga njia nzima tangu nyumbani. Watoto, bwana, mama. Nikimaliza hayo utakuwa umechoka, hutaniuliza jambo. Wallahi niliogopa maswali yako kuliko maradhi." Akapangusa jasho. "Sasa niulize. Niulize utakavyo."

"Mchele huu pishi ngapi?"

Akanijibu.

"Na nyama umeitia lini?"

"Kabla hujaingia, baada ya Saumu kuleta kuni za pili."

"Na chumvi, katika sufuria hii ya mwisho, umetia?"

Akaitazama sufuria. Nilimwona akitafuta, na nilijua uso ule, niliwahi kuuona ukijifunika kwa alhamdulillah na kunipita.

"Hapo sijui," akasema. Kisha akageuka, bila haya yoyote, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakimenya vitunguu. "Saumu, mwanangu, hii ya mwisho nimetia chumvi?"

"Abee, baba. Bado," akasema Saumu, kidole kikiwa kwenye daftari.

Akatia. Mimi nilikaa pale juu ya kibao cha mbuzi nikacheka hadi machozi yakanitoka, naye akacheka nami, na wanawake wa vitunguu wakatuuliza tuna nini. Siku hiyo nilikula sahani mbili.